Mtunza Baridi wa Kibuyu cha Niobi

Kwa miaka ishirini na miwili ya mwanzo ya kazi yake, Barafu alitengeneza mafriji. Mafriji ya mabucha, ya maduka ya soda, ya vyumba viwili vya maiti, na yale ya majumbani ambayo mwenyewe hukupigia simu akihema kana kwamba ana mgonjwa mahututi, ukifika unakuta mtoto ameacha mlango wazi. Jina la Barafu alilipata huko. Lile la kwenye kitambulisho hulitumia mkewe peke yake, tena akiwa amekasirika.

Sasa ana miaka hamsini na tisa na anatunza friji moja tu. Ni mtungi mnene wa chuma, mrefu kuliko watu wawili, uliozama nusu yake katika shimo la zege katikati ya ukumbi usio na madirisha. Ndani yake kuna heliamu iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika. Hewa tunayovuta ikishuka humo huganda ikawa changarawe. Na ndani ya baridi hiyo kimening'inizwa chombo cha metali iitwayo niobi, rangi ya fedha iliyofifia, tumbo limebinuka, shingo mbili badala ya moja. Nimeingia katika maabara za namna hii katika nchi kadhaa, na kila mahali nimekuta wataalamu wamekipa chombo hicho jina la jikoni. Kwa lugha moja ni chungu, kwa nyingine ni mtungi wa achari. Hapa ni kibuyu.

Kibuyu hakina kitu ndani. Hata hewa imefyonzwa. Niobi ikipoa kiasi hicho huacha kabisa kuupinga umeme, kwa hiyo wimbi dogo la redio likizaliwa humo hugonga ukuta na kurudi, hugonga na kurudi, mara mabilioni, kabla ya kuchoka. Wanachosubiri watu wa hapa ni wimbi ambalo hakuna mtu aliyelitia. Wanaopima nyota wamegundua zamani kwamba mikusanyiko ya nyota huzunguka kana kwamba ina uzito mwingi kuliko ule unaoonekana, na uzito huo uliofichika wakauita maada ya giza. Hakuna aliyeiona. Dhana mojawapo inasema chembe zake zinatupitia muda wote, mimi na wewe na kuta za nyumba, na kwamba mara chache sana baadhi yake zinaweza kugeuka wimbi hafifu la redio. Zikigeuka ndani ya kibuyu, kibuyu kitasikia.

Barafu huwaeleza wageni kwa njia yake.

"Umekaa chumbani kwako," aliniambia, "unasikiliza kama kuna mtu atakohoa chumba cha pili. Humjui huyo mtu. Hujui kama yupo. Hujui hata kama anakohoa kwa sauti nene au nyembamba. Sasa utafanyaje?"

"Nitalala."

"Ndiyo maana wewe hukuajiriwa." Akanionyesha kwa vidole viwili kitu kisichofika hata unene wa unywele. "Kuna fimbo inakiminya kibuyu hivi. Kikiminywa, kinasikia sauti nyingine kidogo. Saa moja tunasikiliza hii, saa nyingine tunasogea. Miezi kumi na minne. Tukisikia kitu, tunarudi pale pale. Kelele za mitaani zinapotea. Kikohozi cha kweli hakihami."

Kazi yake yeye katika yote hayo ni kuhakikisha baridi haipungui. Kila Jumanne na kila Alhamisi, saa nne asubuhi, huchukua ufunguo wa chumba cha mashine kwa mlinzi wa getini, huvaa glovu nene na ngao ya uso, hufungua vali na kujaza heliamu. Mtungi ukijazwa, mgandamizo hupanda, kuta za kibuyu husukumwa kidogo, nacho huyumba, yaani hupoteza sauti kiliyokuwa kikisikiliza. Kwa hiyo kuna sheria kwamba saa moja baada ya kujaza haihesabiwi. Programu ya kompyuta huikata na kuitupa. Lakini kompyuta haina njia ya kujua ni lini heliamu imejazwa. Geji ya mgandamizo ni ya zamani, ya mshale, haijaunganishwa na waya wowote, na ombi la kununua mpya liko mezani kwa mtu fulani kwa mwaka wa tatu sasa. Kinachojua ni daftari la Barafu. Anajaza heliamu, ananawa mikono, anakaa, anaandika tarehe, kiwango, mgandamizo na saa. Ijumaa mtu anayachapa hayo yote kwenye kompyuta. Kwa miaka kumi na moja hakuna aliyewahi kukagua daftari lile, kama ambavyo hakuna anayepanda juu ya paa kukagua kama jua limechomoza.

Mkuu wa maabara ni profesa mwanamke wa miaka sitini na tatu, mfupi, anayevaa raba hata akienda kupokea wageni. Miezi michache baada ya awamu ile ya usikilizaji kuanza, alimwita Barafu ofisini na kufunga mlango.

"Nataka uwe mtia uongo," alimwambia.

"Prof, mimi tena nimefanya nini?"

Alimweleza. Watu wa kazi hii wana desturi ya kujitegea mtego wao wenyewe. Mwenzao aliye mbali, asiyeshiriki, huandaa bahasha mbili zilizofungwa. Moja huwekwa kwenye sefu. Nyingine hupewa mtu mmoja tu wa maabara, ambaye jina lake halijulikani na wengine. Ndani ya bahasha kuna mojawapo ya mambo mawili: maneno "usiweke kitu", au namba. Kama ni namba, mtu huyo huiingiza katika kikasha kidogo kinachotoa wimbi hafifu, linalofanana kabisa na lile linalotafutwa, na kulipenyeza kibuyuni. Kisha ananyamaza. Wenzake wanajua huenda uongo upo na huenda haupo. Wakiusikia na kuthibitisha, bahasha ya sefu inafunguliwa. Wakifunga orodha ya sauti zao za kushukiwa bila kuusikia, inafunguliwa pia, na hapo awamu nzima inatupwa. Maana nani atakuamini ukisema umesikiliza miezi kumi na minne na hakuna kitu, ikiwa hata kile ulichowekewa sikioni hukukisikia?

"Hutasema, hutadokeza, hutakonyeza," alisema Profesa. "Hata mimi usiniambie namba."

"Lakini Prof, anayechambua data ni mkwe wangu."

"Ndiyo hasa. Kila mtu ataona siwezi kuwa mjinga kiasi hicho."

Mkwe huyo, ambaye maabara nzima humwita Mrefu kwa sababu hupita mlango wa ukumbi akiwa ameinama, alimwoa binti pekee wa Barafu miaka mitatu nyuma. Awamu ile ilikuwa ya kwanza kwake kuongoza uchambuzi. Ni kijana mwenye adabu mpaka inachosha. Kazini kama nyumbani humwita Barafu "Baba", humwachia kiti, humpokea mzigo hata ukiwa ni bisibisi moja. Hajawahi kumpinga kwa neno. Barafu akisema leo ni Jumatano na kumbe ni Alhamisi, Mrefu atasema, "Ndiyo, Baba," kisha atamnong'oneza mtu mwingine amsahihishe.

Bahasha ilikuwa na namba. Barafu alitazama ratiba iliyobandikwa ukutani na kuona kwamba kibuyu kingeifikia sauti hiyo Alhamisi moja ya mwezi wa tatu, kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Yaani saa ile ile ya kujaza. Akifuata mazoea yake, saa hiyo ingekatwa na uongo ungetupwa pamoja nayo kabla hata haujasikika. Kwa hiyo alijipanga. Jumatano alikiwasha kikasha, kilichofichwa kabatini nyuma ya zana zake, akakiacha kikiwaka. Alhamisi saa nne ilipofika hakwenda kuchukua ufunguo. Alikaa kwenye karakana yake, mikono mapajani, akisikiliza pampu. Saa saba mchana ndipo alipokwenda kujaza. Kila kitu kilikwenda sawa. Akanawa mikono, akakaa, akafungua daftari. Na mkono uliokuwa umeandika saa nne mara elfu moja na zaidi, uliandika saa nne.

Hakuliona kosa hilo. Alilala usingizi mzuri kwa miezi mitano.

Kisha ikaja Jumapili ya mwisho kabla ya orodha kufungwa. Binti na mumewe walikuja kula kwa wazazi kama kawaida, meza ile ya watu wanne iliyosogezwa karibu na dirisha, cherehani ya mama ikiwa imefunikwa shuka pembeni. Mke wa Barafu ni fundi wa nguo. Hushona sare za shule na magauni, na hazungumzi na mtu huku akiwa na pini mdomoni, ingawa siku hiyo hakuwa nayo.

"Ijumaa tunafunga orodha, Baba," alisema Mrefu. "Sauti za kushukiwa zilikuwa kumi na moja. Tumezirudia zote. Zote zimepotea."

"Kumi na moja," alisema Barafu.

"Kumi na moja. Hakuna kitu. Nadhani safari hii bahasha ilisema wasiweke chochote." Alijaza maji katika glasi ya mkwewe kabla ya yake. "Jambo la ajabu ni moja tu. Kuna Alhamisi mwezi wa tatu kibuyu kiliyumba saa saba mchana, vibaya sana, na hakuna mtu aliyekuwa amejaza chochote. Tumesema ni pampu."

"Pampu ya nani?" aliuliza mama mkwe. "Ya mume wangu?"

"Mama!" alisema binti.

"Nauliza tu. Anaishi na hiyo pampu kuliko anavyoishi na mimi."

"Hapana, Mama, sikusema pampu ni mbovu," alisema Mrefu, masikio yamemwiva. "Ni nzuri sana. Inatunzwa vizuri sana."

Barafu alikuwa ameacha kutafuna. Alijua kwa nini kibuyu kiliyumba saa saba. Alijua pia, kabla hajaliona daftari, alichokuwa ameandika.

Jumatatu asubuhi alilifungua. Saa 4:05, kwa mwandiko wake ulionyooka, wino wa bluu. Programu ilikuwa imeikata saa nne mpaka saa tano, kama sheria inavyotaka, na uongo wa Profesa ulikuwa umekwenda na maji. Ijumaa wangefunga orodha bila hiyo namba. Mwaka na zaidi wa watu tisa ungetupwa, Mrefu angeandikwa kuwa mchambuzi aliyeshindwa kusikia alichowekewa, na sababu ya yote ingekuwa mstari mmoja wa daftari.

Akisema, amevunja neno lake. Akinyamaza, amewazika. Akilisahihisha lile kosa moja, siku ya nne kabla ya orodha kufungwa, miezi mitano baadaye, si atakuwa ameinyooshea kidole saa ile ile? Mrefu si mjinga. Angejiuliza mzee amekumbukaje. Na hata akiliacha hilo, liko jambo lingine ambalo aliniambia bila mimi kumuuliza: aliona aibu. Fundi wa mafriji hana vyeti vya kutundika ukutani. Alichokuwa nacho yeye katika jengo lile la wasomi kilikuwa kwamba akiandika, imeandikwa.

Jioni alikaa karibu na cherehani, akimtazama mkewe akipindia sketi.

"Nimeandika kosa kazini," alisema.

"Kubwa?"

"La saa tatu."

"Lisahihishe basi. Kwani wewe malaika?"

"Nikisahihisha hilo moja tu, nitakuwa nimesema jambo ambalo nimekatazwa kusema."

Mkewe hakuuliza ni jambo gani. Wameoana miaka thelathini na mitatu, na anajua mumewe akishikwa kigugumizi cha namna hiyo hata ukimkamua hatoi. Alisimamisha cherehani.

"Unakumbuka ile futi yangu ya kupimia iliyovutika?"

"Ile ya manjano?"

"Ile ile. Bwana mmoja alikuja analalamika suruali ya mtoto inaburura chini. Nikapima futi kwa rula, nakuta imeongezeka. Ningemrekebishia yule mmoja, akaenda zake. Lakini wengine niliowakatia nguo kwa futi ile? Niliwaita wote. Wiki nzima nimekaa hapa nafumua." Akaendelea kukanyaga. "Huo mkono wako umeandika mangapi mengine?"

Barafu akaenda kutafuta miwani yake.

Mlinzi wa getini, zamu ya mchana, ni mama mmoja mwenye sauti ya kuita watu kutoka upande wa pili wa barabara. Kila anayechukua ufunguo wa chumba cha mashine hutia sahihi kwake, saa ya kuchukua na saa ya kurudisha. Barafu alifika kibandani kwake Jumanne baada ya kujaza, daftari kwapani.

"Naomba vitabu vya funguo. Vya miezi kumi na minne."

"Umeibiwa?"

"Hapana."

"Umeiba?"

"Dada, nipe vitabu."

"Nitakupa, lakini unakaa hapa hapa mbele yangu. Na wageni wakija unasogeza miguu."

Alikaa saa tatu kwenye kiti cha plastiki, akilinganisha mstari kwa mstari. Alikuwa amejaza heliamu mara mia moja na kumi na nane. Ile Alhamisi ilikuwepo, kama alivyotarajia: ufunguo umechukuliwa saa 6:55 mchana. Ambazo hakuzitarajia ni siku nyingine. Siku lori la heliamu lilipochelewa. Siku aliyompeleka mkewe kupimwa macho. Siku mbili nyingine ambazo hakukumbuka hata kidogo zilikuwa na nini. Katika zote alikuwa amejaza adhuhuri au jioni, na daftari lilisema saa nne. Jumla zilikuwa tano.

"Mbona umenyong'onyea?" aliuliza mlinzi. "Umekuta jina la mke wa mtu?"

"Nimekuta langu," alisema Barafu.

Katika vitabu vya maabara, kosa halifutwi. Hupigwa mstari mmoja ili lililoandikwa mwanzo libaki kusomeka, usahihi huandikwa pembeni na kutiwa sahihi na tarehe, kisha mhusika husimama katika kikao cha asubuhi na kulitangaza. Jumatano saa mbili watu tisa walikuwa wamekaa kuzunguka meza, vikombe mikononi. Barafu hana kawaida ya kuzungumza katika kikao hicho isipokuwa kutaja kiwango cha heliamu. Alisimama. Alisoma siku tano, kwa mpangilio wa tarehe, na saa zake za kweli, kwa sauti moja kwa zote. Ile ya mwezi wa tatu ilikuwa ya pili.

Mtu mmoja akasema, "Kumbe Barafu naye ni binadamu," na wachache wakacheka kidogo, kisha wakaacha.

"Baba," alisema Mrefu, "labda mlinzi ndiye aliyekosea."

"Mlinzi hajakosea."

"Lakini mara tano—"

"Mara tano nimekosea mimi."

Profesa alikuwa ameinamia karatasi iliyokuwa mbele yake. Hakumtazama usoni. "Zote tano zimethibitishwa na kitabu cha funguo?"

"Zote."

"Basi zirekebishwe kabla ya Ijumaa. Tuendelee."

Nje ya mlango Mrefu alimfuata, ameinama kama kawaida. "Basi ile saa saba, kibuyu kilipoyumba..."

"Nilikuwa najaza. Ungeniuliza."

"Ningekuulizaje, Baba?"

"Kwa mdomo."

Walizirudisha zile saa zilizokatwa kwa makosa na kuzikata zile zilizostahili. Alhamisi mchana, katika moja ya saa zilizorudishwa, kilisimama kijiti chembamba juu ya mvurugo wa skrini. Mshukiwa wa kumi na mbili. Walikiminya kibuyu mpaka kwenye sauti ile na kusikiliza tena. Kipo. Ijumaa wakafunga orodha kikiwa ndani yake. Wakazima mitambo ya jirani, kipo. Wakatega antena nje ya mtungi ili waone kama sauti inatoka mitaani, na huko nje hakikuwepo. Wakasogea pembeni kidogo, kikatoweka, wakarudi, wakakikuta kinawasubiri.

Hapo ndipo siku ngumu za Barafu zilipoanza. Kuficha jambo ambalo hakuna anayeliwaza ni rahisi. Sasa watu walikuwa wakitembea kwenye ukumbi kwa hatua ndogo kama walio katika nyumba yenye mtoto mchanga. Bila shaka walikumbushana kwamba huenda ni bahasha. Walikumbushana hivyo kwa sauti za watu wasiotaka iwe bahasha.

Binti yake alimpigia simu siku ya sita.

"Baba, usimwambie kama nimekuambia. Nadhani wamekipata."

"Eh."

"Mume wangu hapati usingizi. Amechora kile kijiti nyuma ya bili ya umeme, amekibandika kwenye kabati la vyombo. Jana amenishika mikono akaniambia, kama ni kweli, kitu hiki kimekuwa kinapita ndani yetu tangu tumezaliwa na sisi ndio wa kwanza kukisikia. Nililia, Baba. Mimi ambaye sielewi hata nusu yake."

Barafu alikuwa amesimama jikoni, mkono kwenye mlango wa friji. Aliniambia kwamba katika jambo zima hapo ndipo alipokaribia kuvunjika. Si mbele ya Profesa, si mbele ya kikao.

"Mwambie ale," alisema.

"Hilo tu? Baba, unaelewa ninachokuambia?"

"Naelewa. Mwambie ale kwanza."

Alikata simu bila kuaga.

Ijumaa iliyofuata, saa tisa alasiri, Profesa alitia sahihi tamko kwamba sauti imesikika na kuthibitishwa. Kisha, mbele ya wote, akafungua sefu, akatoa bahasha na kumpa Mrefu aifungue, kwa kuwa ndiye aliyeongoza. Mrefu alisoma. Alirudia kusoma, akilinganisha na namba aliyoiandika kwenye kiganja chake kwa kalamu. Zilifanana mpaka tarakimu ya mwisho.

"Awamu yetu imesimama," alisema Profesa taratibu. "Mmekisikia mlichowekewa. Sasa tukisema kwamba kwingine kote hakuna kitu, tutaaminiwa. Hongereni." Alimaanisha, ingawa na yeye alikaa chini kidogo mapema kuliko alivyokusudia.

"Nani?" aliuliza Mrefu.

Barafu aliinua mkono.

Hakuna aliyecheka. Mrefu alimtazama, akaikunja karatasi mara mbili kwa uangalifu, akatoka. Barafu alimkuta nyuma ya jengo, kwenye uzio wa mitungi mitupu, amekaa juu ya kreti, magoti yamemfika karibu na mashavu.

"Jumapili zote zile," alisema Mrefu.

"Zote."

"Ulikuwa unanipitishia chumvi huku unajua."

"Ndiyo."

"Na mke wangu alipokupigia?"

"Ulijua alinipigia?"

"Aliniambia ulisema nile." Alisugua kiganja kwa kidole gumba, ile namba ikawa doa. "Nilikula, Baba. Siku hiyo nilikula."

Barafu akalisema lililokuwa linamsumbua zaidi. "Yale masahihisho matano ni ya kweli. Sikutunga hata moja. Kama una shaka, nenda kwa mlinzi."

"Najua ni ya kweli." Mrefu alitazama chini. "Nilikwenda."

"Ulikwenda?"

"Jumatano ile ile. Ulipokuwa unakula mchana." Alisema kama anayekiri wizi. "Nililinganisha zote mia moja na kumi na nane. Nisamehe, Baba. Nilipaswa kukuamini."

Barafu alicheka mpaka akashika uzio. Alicheka kwa sababu alimwona kijana huyu mrefu amekaa kwenye kile kiti cha plastiki, mlinzi akimwambia asogeze miguu. Na alicheka, alisema, kwa kuwa baada ya miaka mitatu ya ndiyo-Baba, mtu huyu alikuwa amemshuku hatimaye kama anavyoshukiwa mwenzako wa kazi. Mrefu hakucheka mara moja. Alichukua wiki mbili hivi, na binti alichukua tatu.

Matokeo yamechapishwa: katika sauti zote zilizosikilizwa kwa miezi kumi na minne, maada ya giza haikukohoa. Sasa kibuyu kinaminywa kuelekea kwingine, na heliamu bado inajazwa Jumanne na Alhamisi. Mimi nilimuuliza Barafu kama ana hakika kwamba hakudokeza.

"Sina," alisema. "Nilisema ukweli wa siku tano. Lakini nilikwenda kuutafuta kwa sababu ya siku moja. Nimemuuliza Prof. Amesema na yeye anaendelea kufikiri."

Tulikuwa chumba cha mashine, ameshamaliza kujaza, ngao ya uso imepandishwa kichwani. Siku hizi daftari lina sahihi mbili. Mrefu aliingia ameinama, akasimama mbele ya geji, akatazama saa yake ya mkononi.

"Nne na dakika ngapi, Baba?"

"Na saba."

"Mimi nimeona na tisa."

"Basi saa yako mbovu."

"Niliiweka sawa asubuhi kwa kompyuta."

"Kompyuta ipi? Ile iliyosema pampu yangu mbovu?"

"Baba, na tisa."

"Hebu njoo hapa uone mshale ulipofikia, utajua nimefunga vali saa ngapi," alisema Barafu, na wakainama wote wawili kwenye kioo cha geji, bega kwa bega, wakibishana, kalamu ikiwa bado haijagusa karatasi.